Kwa nini tunapiga bambo kabla ya kununua na kusaga mahindi yako

Mwezi uliopita mzee mmoja alishusha magunia manane hapa mashineni kwetu Kibaigwa. Alipomwona kijana wetu anachukua bambo, ule mrija wa chuma wa kuchotea sampuli, na kulichoma gunia la kwanza ubavuni, akang'aka: "Nyie vipi? Nimeficha mawe humo?" Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mwisho mzee mwenyewe akacheka. Lakini swali lake tunaulizwa kila msimu, na safari hii tumeona tulijibu kwa maandishi, maana mashine ikishawashwa hakuna anayemsikia mwenzake.

Hatutafuti mawe, mzee wetu. Tunatafuta maji. Kinachotutia hofu hasa ni sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho. Maji yanapimika palepale kwenye mizani ya mahindi, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Wengi tunaozungumza nao wanadhani sumukuvu ni ule ukungu wa kijani unaouona ukifungua gunia lililonyeshewa. Si hivyo. Ukungu ule ni kuvu yenyewe. Sumu ni kitu ambacho kuvu hiyo hutengeneza na kukiacha ndani ya punje. Unaweza kuupangusa ukungu, ukapepeta, ukaosha, punje zikang'aa kama za mbegu, na sumu ikawa palepale. Tena zipo kuvu zisizotoa sumu hii kabisa, na zipo punje safi kwa macho zilizobeba sumu. Haina ladha wala harufu. Na wale wanaotuambia "moto wa ugali unaua kila kitu", ugali unachemka kwenye nyuzi 100 hivi, wakati sumu hii huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ndipo iharibike kabisa. Sufuria haifiki huko.

Dunia iliijua sumu hii mwaka 1960, kule Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa na hakuna aliyejua kwa nini. Ugonjwa ukaitwa X kwa kukosa jina. Baadaye ikagundulika kwamba tatizo lilikuwa kwenye chakula chao, mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sisi tulio wilaya ya Kongwa, ambako Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta, wakashindwa na kufunga virago mwaka 1951, hatuachi kutabasamu tukisikia kwamba karanga ziliwafuata hadi kwao.

Lakini huku kwetu haikuwa habari ya batamzinga. Mwaka 2016, kuanzia mwezi wa sita, watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua: matumbo kuvimba, kutapika, macho kuwa manjano. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 kati yao wakafa. Mahindi waliyokuwa wakila nyumbani kwao ndiyo yaliyokuwa na sumu. Kenya ilikuwa imeshapitia makubwa zaidi mwaka 2004, upande wa Makueni, Kitui na maeneo ya jirani: wagonjwa 317, vifo 125.

Hayo ni ya sumu nyingi kwa mkupuo. Ile ya kidogo kidogo, ya kila siku, ndiyo inayotusumbua zaidi kwa sababu haimlazi mtu hospitalini leo. Inakwenda kwenye ini, mwaka baada ya mwaka, na inajulikana wazi kuwa inasababisha saratani ya ini. Aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B yuko kwenye hatari kubwa mara nyingi kuliko asiye navyo. (Chanjo ya watoto wachanga ina kinga ya virusi hivyo, kwa hiyo kadi ya kliniki nayo ni sehemu ya habari hii.)

Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi hapa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Tuiweke kwenye gunia la kilo 100: ni miligramu moja tu gunia zima, yaani uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Zidisha hapo, na gunia halifai. Halafu sumu yenyewe haijagawanyika sawasawa. Punje mia zinaweza kuwa safi kabisa, na ya mia na moja ikabeba ya kuharibu debe lote. Ndiyo maana hatuchoti kiganja kimoja juu ya gunia tukaridhika. Bambo linaingia juu, katikati na chini, gunia hadi gunia, kisha tunachanganya kila tulichotoa. Ukimwona mnunuzi anachota konzi moja mdomoni mwa gunia na kutangaza kwamba mzigo wote ni safi, jua huyo anabahatisha.

Sasa turudi kwenye maji. Kuvu hupenda joto la kwetu na hupenda punje yenye unyevu. Mahindi yaliyokauka hadi asilimia 13.5 au chini yake hayaipi nafasi ya kukua. Yakifika hapa na 16 au 18, hata kama leo ni mazuri, hatujui yatakuwaje baada ya wiki mbili ghalani. Na unyevu hauanzii ghalani. Mahindi yaliyopigwa na ukame shambani, au yaliyotobolewa na wadudu, huwa yameshaingiwa na kuvu kabla hujavuna. Kisha tunayavuna, tunayamwaga kwenye udongo mtupu, tunayapiga kwa fimbo hadi punje zinapasuka, tunayaanika palepale chini, na umande wa alfajiri unayakuta nje. Punje iliyopasuka ni mlango wazi.

Wataalamu walifanya utafiti mashariki mwa Kenya, wakawapa baadhi ya wakulima mafunzo na vifaa, yakiwemo maturubai ya kuanikia, halafu wakalinganisha mahindi yao na ya wakulima wasiopewa. Sumukuvu ilipungua kwa zaidi ya nusu. Turubai! Si mtambo, si dawa ya dola mia. Tunasema hivi tukijua tunauza vitu vya bei kubwa zaidi hapa dukani, lakini kama una hela ya kitu kimoja tu msimu huu, nunua turubai. Tandaza mahindi kwa tabaka jembamba, yageuze kila saa, yafunike au uyaingize ndani jua linapozama.

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alituletea magunia kumi na mawili mwanzoni mwa mavuno. Kipima unyevu kikasoma 17.8. Hakuamini, alisema ameyaanika siku nne na akiyang'ata yanalia "ka". Kung'ata si kipimo kibaya, lakini meno ya kila mtu yana maoni yake. Tukamwonyesha njia ya chupa, ambayo hata sisi tunaitumia umeme ukikatika. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, unatia mahindi hadi theluthi yake, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, unatikisa kwa dakika moja au mbili na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, umeshuka chini ya 15. Ya mama iliganda kama ukoga. Akaitazama chupa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akawaambia vijana wapakie magunia yote kwenye toroli.

Tuliseme na lile ambalo wateja wanalinong'ona wakishatoka: kukausha kunapunguza uzito. Ni kweli kabisa. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilikausha hadi 13.5, linabaki na kilo 95 hivi. Kilo tano zimekwenda hewani, na mnunuzi anayelipa kwa kilo bila kupima anamwadhibu aliyekausha na kumzawadia aliyeleta maji. Hili hatuwezi kuwalaumu wakulima peke yao. Sisi tumeamua hivi: mahindi yaliyo chini ya 13.5 tunayalipa zaidi kwa kilo, na nyongeza imeandikwa kwenye ubao wa mlangoni ili asiwepo wa kusema alipunjwa. Ya zaidi ya 15 hatununui, hata ukitupunguzia bei.

Soko nalo limebadilika. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hii hii, na ilipofungua tena siku chache baadaye iliweka sharti la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi kile kiwango cha 10. Waliokuwa sokoni hapa siku zile wanakumbuka malori yalivyosimama.

Kuhusu ile mifuko ya tabaka tatu, ambayo wengi mnaiita kinga njaa: ndiyo, tunaiuza, na ndiyo, inafanya kazi. Ndani ina plastiki mbili, nje kiroba. Ukiifunga sawasawa hewa haiingii. Dumuzi na wenzake waliomo wanaimaliza oksijeni iliyobaki na kufa humo humo bila dawa. Kwa mkoa ambao dumuzi ameshapewa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga, hilo si dogo. Lakini mfuko huu haukaushi mahindi. Ukitia mahindi mabichi umeyafungia maji yake, na ukifungua baada ya miezi mitatu utatulaumu sisi. Kausha kwanza. Kabla ya kujaza, puliza kila plastiki kama puto usikilize kama inavuja, na hakikisha hakuna vipande vya magunzi vya kuichana. Funga kila tabaka peke yake, sokota, kunja, kaza kamba. Na panya hawasomi maelekezo. Inua mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta.

Swali la dona na sembe linakuja kila siku. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza. Hatusemi muache dona; dona ya mahindi yaliyochambuliwa vizuri na kukauka ni chakula kizuri. Ila mahindi usiyoyaamini usiyasage dona ya mtoto wa uji. Kaa na ungo, toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Kazi hiyo ya mkono inaondoa sumu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hapo kuna mtego mmoja ambao hata sisi tulichelewa kuuona: sumu iliyotoka kwenye sembe haijapotea, imekwenda kwenye pumba. Pumba anapewa ng'ombe, na sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa. Vivyo hivyo punje mbovu ulizozichambua: usimpe kuku, usizifanyie kimea cha pombe. Zifukie.

Wengine mmetuuliza kuhusu Aflasafe baada ya kuisikia redioni. Ni kazi ya taasisi ya utafiti ya IITA na wenzake, na wazo lake linapendeza kwa urahisi wake. Wamechukua kuvu za jamii ileile zinazopatikana kwenye udongo wa nchi husika, lakini zile zisizoweza kutengeneza sumu, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote na kutiwa rangi ya buluu. Unazimwaga shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, yale maua ya kileleni, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu pole zinawahi nafasi, zile zenye sumu zinakuta nyumba imejaa. Mara nyingi sumukuvu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Kwa hiyo inanunuliwa mahindi yakiwa bado hayajatoa mbelewele. Ukileta gunia hapa ndipo uiombe, umechelewa msimu mzima. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Arizona, mwaka 2017 walitangaza mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yanayoizuia kuvu isitengeneze sumu yake. Hayo hayauzwi hapa, tusiulizane bei.

Huduma yetu ni hii. Kupima unyevu ni bure kwa anayesaga au kutuuzia, hata ukileta debe moja. Sumukuvu yenyewe tunaipima kwa mizigo ya kuanzia magunia ishirini: tunasaga sampuli yote iliyochanganywa, tunaichuja, tunachovya kikaratasi kinachofanana na kile cha malaria, na jibu linatoka ukiwa bado unakunywa chai. Kipimo hicho unakilipia, kwa sababu kila kikaratasi tunakinunua na hakitumiki mara mbili. Kinatueleza habari za sampuli tuliyoitoa siku ile. Ukiyarudisha mahindi kwenye ghala linalovuja, jibu letu halina thamani tena. Cheti cha kuuzia nje ya nchi hatutoi, hicho kinatoka maabara za serikali.

Ukitaka tukupimie kabla hujakodi gari, chota kutoka magunia kadhaa, juu na chini, ujaze chombo kikavu chenye mfuniko, ulete siku hiyo hiyo. Usiyalaze kwenye mfuko wa plastiki usiku kucha, yatatoka jasho na kipimo kitakuonea. Yule mama alirudi siku ya tano na sampuli kwenye kopo la maziwa, na chupa yake ya chumvi kwenye kikapu. Kipima unyevu kikasoma 13.2. Akakitazama, akaitikisa chupa mbele ya kijana wetu, akasema: "Yangu ilishasema jana."