Sele, kabla hujaacha ukocha soma hii

Mambo vipi Sele mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote, ile ya kulalamika kwamba miaka inakatika na wewe bado kocha msaidizi, unanoa mabeki tu halafu sifa anabeba mwingine. Ngoja nikupe stori ya mzee mmoja wa huku, maana tangu nihamie Roanoke, huku Virginia Marekani, watu kazini hawana habari zaidi ya Virginia Tech, chuo chenyewe kiko Blacksburg, kwa gari hata saa nzima haiishi.

Jamaa anaitwa Bud Foster. Huu mpira wao wa kubeba mkononi, American football, ujue timu moja ni kama timu mbili, wanaoshambulia wana kocha wao na wanaozuia wana wao, kwa hiyo kocha wa difensi ni bosi kwelikweli, kila mpira unapoanza yeye ndo anaamua nani amvamie kwotabeki, yule mrusha pasi wa wapinzani, na nani abaki kulinda nyuma. Foster alikuja Blacksburg 1987 pamoja na kocha mkuu mpya Frank Beamer, aliyekuwa bosi wake chuo cha Murray State kule Kentucky, katikati ya miaka ya 90 akakabidhiwa difensi, na hakubanduka hadi 2019. Misimu 33 chuo kimoja bana, na hakuna hata mmoja aliokuwa kocha mkuu!

Kitu walichopendea watu ni boksi la msosi. La bati, kuukuu, la aina ile wanayobeba wachimba makaa ya mawe, maana milima ya huku ndo kazi yao hiyo tangu zamani. Mchezaji wa difensi aliyejituma zaidi ndo alikuwa anakabidhiwa kulibeba, na madogo walikuwa wanaligombea kuliko medali. Unaweza kucheka lakini mimi naona ni akili kubwa, beki hafungi magoli, sasa utampa nini cha kuringia?

Halafu 2014 wakaenda kwa Ohio State, kwao kabisa, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Foster akajaza watu mbele, nyuma akawaacha mabeki wake kila mtu na wake bila msaada, kwotabeki kijana J.T. Barrett akaangushwa mara 7 akiwa na mpira mkononi na pasi 3 zikanaswa. Virginia Tech wakashinda 35-21. Na hao Ohio State ndo waliokuja kuchukua ubingwa wa taifa msimu uleule! Ila msimu huohuo Virginia Tech na chuo cha Wake Forest wakamaliza dakika zote 60 sifuri sifuri, kitu adimu mno huku, Virginia Tech wakaja kufungwa 6-3 kwenye muda wa nyongeza. Sasa hapo difensi ifanye nini tena?

Beamer alipostaafu 2015 wengi walitaka Foster arithi kiti, chuo kikamleta Justin Fuente kutoka Memphis. Hapa ndo nilipotaka ufike. Mzee hakususa, akabaki na difensi yake chini ya bosi mgeni. Na usidhani hakuthaminiwa, huku kuna tuzo kabisa ya kocha msaidizi bora, inaitwa Broyles, aliibeba 2006.

Agosti 2019 akatangaza msimu huu ndo wa mwisho. Novemba difensi yake ikawapiga Georgia Tech 45-0, wiki iliyofuata mechi yake ya mwisho nyumbani Pittsburgh wakachapwa 28-0, yaani mechi mbili mfululizo hakuna aliyepata hata pointi! Ya mwisho kabisa, tarehe 31 Desemba, Kentucky wakamfunga 37-30, wakapita mbele zikiwa zimebaki sekunde chache, tena kwa pasi ya dogo ambaye kazi yake ya asili ni kupokea pasi. Mpira hauna adabu.

Sasa nitumie video ya mechi yenu ya wikiendi, ile uliyosema mabeki walikaba vizuri mpaka refa akaharibu, na hiyo barua ya kujiuzulu usiipeleke kabla hatujaongea. Nipigie Jumapili usiku wa huko, mchana huku nakuwa off.

Msalimie mama na shemeji.