Barua ya wazi kwa mjomba: gitaa la mkono wetu limefika

Mjomba, shikamoo.

Gitaa limekamilika na ninalo nyumbani. Ningekupigia simu, lakini najua ungesema "hongera, mjomba," kisha ukahamia kwenye habari za mvua na watoto. Kwa hiyo naandika. Na naandika mbele za watu ili wanisikie na wale ambao kwa miaka yote wamekusikia ukijisema vibaya: namna yako ya kupiga gitaa kwa mashoto, nyuzi zikiwa kinyume, si kosa, haijawahi kuwa kosa, na sasa kuna chombo kilichochongwa tangu mwanzo kwa ajili ya namna hiyo.

Wasiokujua niwaeleze kidogo. Bendi za dansi za wakati wenu zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Jeshi na polisi walikuwa na bendi zao, na nyingine zilikuwa za wafanyabiashara. Magitaa, ngoma, spika na maikrofoni vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake, na akihama aliondoka na vidole hivyo hivyo, gitaa likabaki kwa atakayefuata. Mpigaji angeweza kujulikana Morogoro nzima na nyumbani kwake hana hata uzi mmoja.

Wewe ni wa mashoto, na gitaa la solo mlikuwa mkipokezana na mwenzako wa mkono wa kulia. Kufungua nyuzi na kuzipanga upya kila zamu inapofika lilikuwa jambo lisilowezekana, na nyuzi zenyewe zilikuwa adimu. Basi ukaligeuza gitaa kama lilivyo. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, ukawa juu, wa sita, ule mnene, ukawa chini, na kila mkao wa vidole ukaujenga upya kichwani bila mwalimu. Mimi nilipoonekana nashika kijiko kwa kushoto, ukanirithisha hivyo hivyo. Sijui kupiga kwa namna nyingine, na sitaki.

Lakini mjomba, kila mtu alipokutazama mikono uliwahi kumwambia, "Mimi nilijifunza kinyumenyume, usinifuate." Nimekusikia ukisema hivyo kwenye kipaimara, kwenye harusi, hata kwa vijana waliokuja nyumbani makusudi kujifunza kwako. Neno hilo ndilo linaloniuma.

Kuna mwanamke Mmarekani, Elizabeth Cotten, alikuwa wa mashoto kama sisi. Aliligeuza gitaa bila kubadili nyuzi, akawa anapiga besi kwa vidole na sauti ya juu kwa dole gumba, kinyume cha kila mtu. Leo watu wenye mikono ya kulia wanahangaika kuuiga mtindo huo, na unaitwa kwa jina lake. Kuna pia Albert King, mpiga blues. Naye uzi mwembamba ulikuwa juu. Wapiga solo wengi wakitaka kuupandisha sauti uzi wa kwanza huusukuma kwenda juu kwa nguvu za vidole. King aliuvuta chini, kuelekea kiganjani, mkono mzima ukisaidia, na uzi ukapanda mbali kuliko ulivyopanda kwa wengine. Ndivyo unavyofanya wewe. Na mkono wako ukishuka kwenye ridhimu, nyuzi nyembamba ndizo zinazolia kwanza, kwa hiyo ridhimu yako inang'aa mahali ambapo ya wenzako inanguruma. Waliocheza muziki wenu walikuwa wanausikia mng'ao huo hata kama hawakujua unatoka wapi.

Huyo King, mwaka 1972 fundi aitwaye Dan Erlewine alimtengenezea gitaa lake mwenyewe, la mbao za mjozi (walnut), mwili wa mashoto, na jina lake limepachikwa kwenye fretibodi, ule ubao wa shingo unaobonyezewa nyuzi. Hakuambiwa ajifunze upya kwanza. Niliposoma habari hiyo ndipo nilipoamua kuanza kuweka pesa.

Najua utauliza kwa nini sikununua tu gitaa la mashoto dukani. Nililijaribu, mjomba. Magitaa hayo yametengenezwa kwa mtu wa mashoto anayefunga uzi mnene juu. Kile kipande cha mfupa kwenye mwanzo wa shingo kina mifereji iliyochongwa kwa unene wa kila uzi. Ukizifunga nyuzi kwa mpangilio wetu, wa kwanza unapwaya kwenye mfereji wa wa sita, na wa sita hauingii kwenye mfereji wa wa kwanza. Halafu ziko pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba. Kwenye magitaa mengi ya umbo la Stratocaster, lile gitaa la umeme lililozoeleka, pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, imelazwa mshazari ili nyuzi nyembamba zinaswe karibu kabisa na daraja, zikate, na nyuzi nene zinaswe mbele kidogo, zijae. Kwa mpangilio wetu mshazari huo unageuka: nyembamba zinalegea na nene zinakwaruza.

Gitaa la kulia likigeuzwa, kama ulivyofanya, mifereji na pikapu vinabaki sahihi, ila mwili ndio unaokukataa. Vitasa vya sauti vinahamia juu, chini ya mkono wako, na ukipiga kwa nguvu unajizimia mwenyewe katikati ya chemko, pale wimbo unapochangamka. Pembe ndefu iliyokusudiwa kubeba mkanda inakwenda upande wa chini, kichwa cha gitaa kinazama, na mkono unaotakiwa kukimbia kwenye shingo unafanya kazi ya kuibeba. Vidoa vya pembeni vya kuhesabia freti, vile vyuma vya shingoni, vinatazama sakafu. Ulipiga miaka na miaka kwenye gitaa lisilokuonyesha ulipo, na hukupotea.

Tulichohitaji basi ni mwili wa mashoto wenye mifereji, daraja na pikapu za kulia. Kitu cha namna hiyo hakikai rafuni kikisubiri mteja. Kinaagizwa kwa fundi.

Wangu anafanya kazi peke yake huko Sheffield, Uingereza, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa Leeds. Nilimwonyesha ile video ya harusini, wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki na gitaa la kuazima. Aliitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Sikuulizwa kama ninataka kubadili upigaji. Aliuliza unazimia nyuzi kwa sehemu gani ya kiganja, na dole gumba la mkono wa kulia linakaa wapi unapopanda juu ya freti ya kumi na mbili. Akapima mikono yangu, akachora. Urefu wa uzi kutoka mfupa hadi daraja tulikubaliana milimita 628 badala ya 648 iliyozoeleka kwenye Stratocaster, ili uzi ulegee kidogo na kuvutika bila kuumiza. Pikapu nilimwomba azizungushie waya mchache kuliko kawaida. Mizunguko ikipungua, nguvu inapungua, lakini sauti inakuwa safi. Muziki wa dansi unataka hivyo: solo, ridhimu na besi zinasukana, na kila moja lazima isikike imesimama peke yake.

Mwili ni mjozi. Fretibodi ni mpingo, na hilo nililishikilia. Fundi aliujua kama mti wa ala za kupuliza, klarineti na obo, mti mzito unaozama majini. Nikamweleza kwamba sisi tunaujua kwa vinyago vya Wamakonde, na kwamba Kilwa kuna vijiji, Kikole na Kisangi, ambavyo misitu yao ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 ili wanakijiji wenyewe wavune kwa mpango na fedha ibaki kwao. Mti huo unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo suala la nani anaukata si dogo. Alinunua ubao wenye karatasi zake zote.

Siku ya kulipokea nilikwenda mwenyewe. Fundi aliliweka mezani akatoka nje, nadhani makusudi. Mpingo ule ni mweusi kiasi kwamba freti zinaonekana kama zimeelea. Nikavaa mkanda, nikaachia mikono yote miwili, na shingo haikuzama. Nikatazama chini nikaviona vidoa vya chaza vimepangwa ukingo wa juu, upande wangu, kimoja baada ya kingine. Hapo nilikaa chini kwanza.

Baadaye nikapiga ule utangulizi wa rumba ulionifundisha barazani, ule unaoanza kwa uzi wa pili na wa tatu. Mkono haukugusa kitasa hata kimoja. Nilipouvuta uzi wa kwanza, ulipanda hadi pale unapoupeleka wewe na mimi siku zote niliishia njiani. Nilikuwa nadhani ni vidole vyangu. Fundi alirudi akasimama mlangoni hadi nikamaliza, akauliza nani katunga. Nikamwambia ni yule wa kwenye video.

Nakuja Desemba, na gitaa nakuja nalo. Usihofu habari za forodha. Ni kweli kwamba tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo iliingizwa kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na wanamuziki wakapata taabu mipakani, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zimeondolewa kwenye masharti hayo. Hata hivyo nabeba karatasi za ubao na risiti ya fundi.

Nikirudi huku halirudi nami. Litakaa kwako, na wale vijana watakapokuja utawafundisha kwa mkono wako, bila lile neno la kinyumenyume. Wa kulia watazame na kuiba wanachoweza. Wa mashoto akitokea, mpe gitaa hilo alishike.

Amplifaya ya kwako ile ndogo mpelekee fundi redio aiangalie, mara ya mwisho ilikuwa inakoroma. Nyuzi nilizofunga sasa ni namba 10. Uliwahi kunidokeza kwamba siku hizi vidole vinakuuma asubuhi. Kama bado, niambie kabla ya mwisho wa Novemba nije na za namba 9, nyembamba zaidi, na fundi aziweke sawa kabla sijasafiri.

Nisalimie shangazi na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako,
Leeds