Jiko la Kioo Likiwaka Upande Mmoja, Anza Kukagua Umeme Unaoliingia

Katika nyumba mpya za Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Nzuguni hapa Dodoma, majiko ya seramiki, yale ya kulazwa juu ya meza ambayo wengi huyaita majiko ya kioo, yanazidi kufungwa kila mwaka. Jiko la aina hii likigoma, mwenye nyumba huona limeungua na huanza kuulizia bei ya jingine. Tunawaomba wateja wetu, kabla ya kufikia uamuzi huo, umeme unaoliingia jiko ukaguliwe kwanza, kwa sababu jiko zima kabisa linaweza kuonekana bovu kutokana na waya mmoja uliolegea.

Dalili iliyo wazi zaidi ni pleti mbili za upande mmoja kuwaka na mbili za upande wa pili kukataa. Majiko mengi ya pleti nne yamegawanywa ndani, kila upande ukipata umeme kupitia teminali yake, yaani sehemu ya kubania waya. Nyumba ikiwa na fezi moja, yaani waya mmoja tu unaoleta umeme, teminali hizo huunganishwa kwa kipande kidogo cha shaba kinachobanwa kwa skrubu, na kipande hicho kikisahaulika au skrubu isipokazwa sawasawa, upande mmoja unakosa umeme ingawa jiko halina kasoro yoyote. Tukifungua kifuniko cha chini ya jiko la namna hiyo, mara nyingi tunakuta shaba imekuwa nyeusi, plastiki ya teminali imeyeyuka ukingoni, na ganda la waya limekakamaa hadi linakatika kwa kulikunja tu. Muungano uliolegea una ukinzani, yaani unazuia umeme kupita kwa urahisi. Ampia 20 na zaidi zikipita hapo hutoa joto, na joto hilo huzidi kuilegeza skrubu. Kwa hiyo kuikaza tena pekee hakutoshi. Sehemu ya waya iliyoungua inapaswa kukatwa, na teminali iliyoyeyuka ibadilishwe.

Nyumba zenye fezi tatu zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kati ya fezi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kuna volti 230, lakini kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Majiko mengi huja na kebo ya nyaya tano: kahawia, nyeusi, kijivu, buluu, na ile ya kijani na njano ambayo ni ya erthi. Kwenye baadhi ya majiko waya wa kijivu ni nyutro ya pili, si fezi, na fundi anayeunganisha kwa mazoea bila kusoma mchoro uliobandikwa chini ya jiko anaweza kulipelekea volti 400 na kuunguza bodi ya vitufe papo hapo. Nyutro iliyolegea nayo huleta madhara ya aina hiyo hiyo. Ukiona baadhi ya taa za nyumba zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia jiko linapowashwa, zima meni swichi mara moja na uite fundi. Tatizo likiwa kabla ya mita, hiyo ni kazi ya TANESCO.

Jiko la kilowati 6.6 pleti zote zikiwaka huvuta karibu ampia 29. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampia 13, kwa hiyo jiko hili halichomekwi kwenye soketi wala ekstensheni. Linahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye breka, na kwa kawaida sisi hutumia waya wa milimita 6 za mraba na breka ya ampia 32.

Pleti zote zikiwaka lakini maji yakachelewa kuchemka, pima volti saa za jioni, wakati matumizi ya mtaa mzima yamepanda. Nguvu ya pleti hushuka haraka kuliko volti zenyewe: kwenye volti 190, pleti hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Ile hali ya wekundu wa pleti kuzimika na kurudi kila baada ya muda si hitilafu. Ndivyo jiko linavyodhibiti joto.

Breka ya umeme unaovuja ikikata kila unapowasha pleti fulani, huenda pleti hiyo imeingia unyevu au kinga yake ya ndani imepasuka. Msiruhusu mtu yeyote aiondoe breka hiyo ili jiko liendelee kuwaka, hasa pale erthi inapokuwa dhaifu. Udongo wetu wa Dodoma hukauka sana tangu Mei hadi Novemba, na chuma cha erthi kilichochimbiwa kijuujuu hakipitishi umeme ardhini inavyotakiwa; ndiyo sababu tunashauri erthi ipimwe wakati wa kiangazi, si baada ya mvua. Kioo kikipata ufa, zima swichi ya ukutani na usilitumie jiko hata kwa pleti iliyo mbali na ufa huo.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Unapotupigia, zima breka ya jiko, kisha tueleze pleti zipi zinawaka na zipi haziwaki, kama nyumba ni ya fezi moja au tatu, na ututumie picha ya kibandiko chenye modeli na wati za jiko, ili fundi aje na teminali na waya unaofaa.