Mtindi unaondoa mawazo? Tumbo, ubongo na kilichomo kwenye chupa

Swali tunaloulizwa sana dukani, hasa na wanafunzi wa Nyegezi na Malimbe hapa Mwanza mitihani ikikaribia, ni kama mtindi unaondoa mawazo. Hauondoi. Anayekuuzia mtindi kama dawa ya mawazo anakuuzia maneno. Ila anayeuliza hajakosea kuuliza, maana tumbo na ubongo kweli vinawasiliana, na ukijua mawasiliano hayo yanapita wapi utajua pia mtindi unasaidia wapi na unaishia wapi.

Ndani ya kuta za njia ya chakula kuna seli za fahamu zaidi ya milioni 100. Zinaweza kusukuma chakula bila kungoja amri kutoka kichwani. Zinaungana na ubongo kwa neva ndefu iitwayo vagasi, inayopita shingoni na kifuani hadi tumboni. Wengi hudhani ubongo unaamrisha na tumbo linatii. Kumbe karibu asilimia 80 ya nyuzi za neva hiyo hupeleka taarifa juu, kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo.

Kuna jambo moja hupotoshwa sana mitandaoni. Ni kweli kwamba takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, hutengenezwa kwenye utumbo, lakini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Ubongo hutengeneza yake. Ya tumboni husaidia kusukuma chakula na kuamsha neva zilizo jirani, basi. Ukiona tangazo linasema kinywaji fulani kinaongeza serotonini ya furaha kichwani, lipite.

Kutoka juu kwenda chini, mambo yanajulikana zamani. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac katika Ziwa Huron, mfanyakazi wa biashara ya manyoya, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni kwa ajali. Akapona, lakini jeraha likaacha tundu lisiloziba. Daktari wa jeshi la Marekani, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kwa miaka kuchungulia chakula kinavyosagwa, na akaona kwamba mgonjwa akikasirika usagaji unaharibika. Leo tunajua hofu huchelewesha chakula kutoka kwenye mfuko wa tumbo na wakati huohuo huharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana kabla ya usaili mtu hali chakula, ila chooni haachi kwenda.

Sasa bakteria. Wanaokaa kwenye utumbo mpana hula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, kisha hutoa asidi kama butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo huo. Kwa hiyo tunasema wazi, ingawa biashara yetu ni maziwa: glasi ya mtindi juu ya sembe na soda kila siku haitakufikisha mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva peke yake kinakupa zaidi ya gramu 10. Ongeza ugali wa dona badala ya sembe, matembele, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), na umefika. Hata kiporo cha ugali kina faida yake, kwa sababu wanga ulioiva ukapoa, sehemu yake hugeuka kuwa ngumu kusagwa na kuwafikia bakteria huko chini. Ila kiporo kilale kwenye friji. Kwa joto la Mwanza, kilicholala mezani, hasa wali, ni cha kutupa.

Ushahidi kuhusu maziwa yaliyochachushwa na ubongo upo, ila ni mdogo. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, waliwapa wanawake wenye afya maziwa yaliyochachushwa yenye bakteria, mara 2 kwa siku kwa wiki 4. Ubongo wao uliitika tofauti walipoonyeshwa picha za nyuso zenye hisia. Washiriki walikuwa wachache, na hakuna aliyetibiwa ugonjwa wowote pale.

Kinachoharibu kazi yote hii mara nyingi ni antibayotiki za kununua bila kipimo. Hilo tunaliona kwenye ndoo. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe aliyechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele kabla siku za kusubiri dawa iishe mwilini hazijaisha, hayagandi. Unachemsha, unapoza hadi nyuzi joto 43, unatia vijiko vikubwa 2 vya mtindi kwa kila lita, unafunika, na baada ya saa 8 bado ni maji. Dawa imeua bakteria wa mtindi. Tumboni mwako dawa hizohizo hazichagui adui na rafiki. Ukiandikiwa dawa na daktari, maliza dozi. Kama ni siprofloksasini, imeze angalau saa 2 kabla ya mtindi, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huizuia isifyonzwe vizuri. Kama ni dawa nyingine, muulize mfamasia.

Kwa asiyezoea, anza na nusu glasi, mililita 100 hivi, kwa wiki moja. Gesi kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kisha panda hadi glasi moja kwa siku. Usiumimine kwenye uji unaochemka, bakteria watakufa. Subiri uji uwe wa vuguvugu. Na sukari vijiko vinne kwenye glasi moja, hapana.

Tumbo likikusumbua muda mrefu na unaishi au unafanya kazi ufukweni, usikimbilie kusema ni mawazo. Kichocho cha tumbo kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria, na huleta maumivu, kuharisha na uchovu. Kapime choo kwanza. Kikionekana, dawa yake ni prazikwanteli, kipimo hutegemea uzito. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu au maumivu yanayokuamsha usiku ni vya hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo huzuni isiyoisha kwa wiki 2: nenda ukaonwe, na kama tayari unatumia dawa zake usiziache kwa sababu umeanza mtindi.

Chupa ukiifikisha nyumbani iweke ndani ya friji, si kwenye mlango wake ambako joto hupanda kila unapofungua. Maji ya kijani hafifu yakijitenga juu, koroga unywe. Ukiona ukungu, au ukisikia harufu ya chachu ya pombe, mwaga.