Tuanze na furu, ngamia atasubiri

Ndugu Mhariri,

Nafundisha darasa la tano hapa Mwanza. Tukifika kwenye viumbe na mazingira yao, watoto wanakariri kwamba nundu ya ngamia imejaa mafuta na nyayo zake pana hazizami mchangani. Mtihani wanafaulu. Lakini ngamia hawajamwona, na hakuna anayeuliza ilikuwaje akawa hivyo.

Muhula uliopita niliwaambia walete furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Wanawavua wenyewe kwa ndoano kwenye mawe, na asubuhi nilikuta ndoo mbili. Tukawapasua juu ya gazeti. Mmoja alikuwa na meno madogo yaliyobanana kama brashi, ya kukwangua mwani kwenye mawe. Mwingine tulipomfungua koo tukakuta taya la pili lenye meno mapana. Binti mmoja akapitisha kidole, akasema, "Mwalimu, hili si jiwe la kusagia?" Ndilo hasa. Furu huyo hula konokono.

Hapo ndipo somo la mageuzi ya viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, lilipoanza. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na leo furu wake wanakadiriwa kuwa aina 500 hivi. Hakuna furu aliyeamua kubadilika. Watoto wa samaki mmoja hawalingani. Aliyezaliwa na taya gumu kidogo penye konokono wengi alishiba, akazaa, wanawe wakarithi. Mtoto aliyemwona mama yake akichagua mahindi ya mbegu hapati shida kulielewa jambo hili.

Na si habari za kale tu. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na alipofurika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi ya waliobaki kwenye Ghuba ya Mwanza, ambako hewa majini ilikuwa imepungua, walikutwa na matamvua makubwa kuliko ya wazee wao, ndani ya miaka ishirini hivi. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa shuleni mambo hayo yakitokea.

Mwenzangu alinionya kwamba wazazi watasema nawafundisha watoto kuwa wao ni nyani. Hofu hiyo naiheshimu. Swali la binadamu lina mahali pake, na nyayo za watangulizi wa binadamu huko Laetoli, zenye miaka zaidi ya milioni 3.6, ziko hapa hapa nchini. Mtoto aliyemwelewa furu atalifikia akiwa na akili iliyotulia. England wanafundisha mageuzi ya viumbe shule za msingi tangu 2014.

Ombi langu kwa wanaoandaa vitabu: mpeni mwalimu nafasi ya kutumia kiumbe wa eneo lake. Na sisi walimu tuache kusema twiga alirefusha shingo ili afikie majani. Neno hilo "ili" linawapotosha watoto, na kulifuta huko sekondari ni kazi kubwa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mwanza