Barua ya Wazi kwa Mbunge Wetu Aliyeogopa Matope

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote. Jumamosi tulizika mgomba badala ya mwili wa rafiki yangu. Ukatuasa vijana tuache tamaa ya ng'ambo, kisha ukaondoka kabla ya sala kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda na gari lako lingekwama. Samahani kwa usumbufu.

Basi nikusimulie matope. Wakala alituahidi mimi na marehemu kazi ya kulinda ghala Urusi. Mkataba ulikuwa wa Kirusi, tukatia sahihi. Mwezi haukuisha tukawa na bunduki, na kufikia Oktoba tulikuwa handakini upande wa Pokrovsk, Ukraine. Udongo wa kule ni mweusi tititi, mama yangu angeuona angepanda mahindi. Ukinyeshewa unanata kama ulimbo: unainua mguu, buti linabaki. Kuta zinaporomoka. Unachota maji kwa mkebe wa nyama, alfajiri yamerudi magotini. Siku tisa sikuvua soksi. Nilipozivua zilitoka na ngozi. Vidole vitatu nimeviacha hospitali ya huko.

Na bado tuliomba mvua isikatike! Anga likiwa jeupe, droni inakuona hata ukijikuna. Kukiwa na mvua na ukungu haikuoni vizuri, na nadhani ndiyo maana wakubwa walipenda kututuma siku hizo. Ndivyo alivyotumwa rafiki yangu. Alipigwa paja, akazama topeni hadi kiunoni. Nilimvuta kwa mkanda wa bunduki mpaka ukaniponyoka.

Novemba 2025 Serikali yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi. Wewe Jumamosi ulisema ndiyo mara ya kwanza kusikia. Mama yake ameleta barua ofisini kwako mara tatu, zote zikapigwa muhuri. Kwenye kampeni ulituambia mlango wako haufungwi. Ni kweli, haufungwi. Mama ameuangalia ukiwa wazi kutoka benchi la nje, asubuhi hadi jioni.

Siombi fidia. Hiyo nitaidai siku nyingine. Ulizia mwili uko wapi, Mheshimiwa. Jina lake na namba yake ya jeshi vimo katika barua zile, na mahali alipobaki nitakuchorea. Ulizia tu. Hata ukijibiwa vibaya, mletee mama jibu hilo.

Barabara yetu imekauka tangu jana. Gari litapita.

Mpiga kura wako