Talaka ya mahakamani si ukafiri

Mhariri,

Barazani kwetu Mji wa Kale, kila kahawa ikimiminwa, hakosi wa kuapa kwamba Tunisia imeutupa Uislamu. Kisa? Sheria ya familia ya 1956 ilipiga marufuku mitala na kutaka talaka itolewe mahakamani tu. Lakini mirathi ilibaki ya Kiislamu: binti hupata nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Rais Essebsi alitaka kuibadili 2018, akakwama. Huko ndiko kuutupa? Hata hapa Kenya, kadhi wetu mwenyewe yumo ndani ya Katiba ya nchi, kifungu cha 170, na hasikilizi kesi mpaka pande zote zikubali. Binafsi naionea wivu hiyo talaka ya mahakamani. Dadangu aliachwa kwa ujumbe wa simu.

Mkaazi wa Kibokoni,
Mombasa